Kutia Nanga Lamadi: Ushauri kwa Wasafiri wa Tanga Katika Ghuba ya Speke

Mkoa wa Simiyu unagusa Ziwa Victoria katika wilaya moja tu, Busega, na ukanda huo wa ufukwe uko kwenye kichwa cha mashariki cha Ghuba ya Speke. Mkoa ulipoundwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ilitoka Shinyanga, nchi ya pamba na ng'ombe isiyo na ziwa. Busega ilimegwa kutoka Magu, mkoani Mwanza, ikaja na mialo yake. Chombo cha tanga kinachotoka Mwanza kwa matembezi ya ghuba, au kinachowaleta watu wanaotaka kuifikia Serengeti kwa njia ya maji, hufanya kituo upande huu, na mji unaofaa zaidi kwa kituo hicho ni Lamadi. Msafiri asitarajie gati la yoti wala ofisi yenye kitabu cha wageni. Kilichopo ni mwalo: mchanga, mitumbwi iliyovutwa juu, dagaa walioanikwa, na watu wengi wenye shughuli zao. Ukarimu upo, tena mwingi, ila hutegemea mambo mawili ambayo wageni huyapuuza: saa ya kufika, na mtu anayeamkiwa kwanza.

Ghuba imelala magharibi–mashariki kwa urefu unaokaribia kilomita 100. Kaskazini kuna Ukerewe na nchi kavu ya Bunda, zikitenganishwa na mlango mwembamba wa Rugezi ambao kivuko cha Kisorya huuvuka. Kusini kuna Magu na Busega. Magharibi ghuba iko wazi. Jina linamkumbuka John Hanning Speke, aliyeliona ziwa kutoka upande wa Mwanza mwezi Agosti 1858, lakini aliyeisafiri ghuba yenyewe kwa tanga ni mpelelezi Henry Morton Stanley. Tarehe 8 Machi 1875 aliondoka Kageye, kwenye ufukwe wa kusini, na boti yake Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani, huku usukani na makasia yakiwa mikononi mwa waungwana wa Zanzibar. Hawakukata ghuba katikati. Walishika ufukwe wa kusini kuelekea mashariki, wakapita mdomo wa Mto Simiyu. Kwa chombo kidogo njia hiyo ndiyo bora hadi leo, na sababu yake ni upepo.

Upepo wa ghuba hii hufuata jua. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na hewa ya baridi hutiririka kutoka Usukuma na nyika za Serengeti kuelekea ziwani. Tangu usiku wa manane hadi saa mbili au tatu asubuhi, chombo kilicho karibu na ufukwe wa kusini hupata upepo wa ubavuni, na maji huwa shwari kwa kuwa upepo unaotoka nchi kavu haujapata nafasi ya kuinua wimbi. Baadaye upepo hufa, tanga likalegea, na nahodha asiye na subira huanza kuitafuta mashine. Kati ya saa nne na saa sita mchana upepo hugeuka, ukaanza kuvuma kutoka ziwani, yaani magharibi au kaskazini-magharibi. Ikifika saa tisa alasiri huwa na nguvu zake zote. Kwa kuwa ghuba iko wazi upande huohuo, wimbi linaloifikia Lamadi saa hizo limekwisha kukimbia makumi ya kilomita. Maji yanapopungua kina karibu na mchanga, wimbi hilo hunyanyuka na kuvunjika.

Hapo ndipo penye mtego. Upepo wa alasiri unakisukuma chombo moja kwa moja hadi Lamadi, na safari huwa tamu kupita kiasi mpaka dakika kumi za mwisho. Nahodha anajikuta mbele yake kuna ufukwe wenye mawimbi, nyuma yake kuna upepo unaomzuia kurudi, na kushoto na kulia kuna nyavu. Wavuvi wa hapa hawashuki saa hizo kama wana hiari. Mgeni naye ahesabu hivyohivyo: kuingia Lamadi ni kazi ya asubuhi, kabla ya saa tano, na kama siku imeponyoka basi ni afadhali kulala kwingine.

Kwa hiyo safari ya kutoka Mwanza igawanywe. Mtumbwi wa tanga wenye mwendo wa kilomita 7 kwa saa hauwezi kumaliza zaidi ya kilomita 100 ndani ya saa za upepo mzuri wa siku moja, na kusafiri usiku kucha miongoni mwa nyavu si jambo la kumshauri mtu. Mpango unaofaa ni kuutumia upepo wa mchana kuingia ghubani na kulala upande wa Magu. Siku ya pili kusogea mashariki hadi maeneo ya Nassa au Kalemela, kwa kuchagua mahali palipo nyuma ya ncha inayokinga upande wa magharibi. Kisha kuondoka saa kumi na moja alfajiri na kuumaliza mkono wa mwisho kwa upepo wa nchi kavu. Nassa ina historia yake: misheni ya Kianglikana ya CMS (Church Missionary Society) ilifunguliwa hapo mwaka 1888, ikaja kuchukuliwa na African Inland Mission mwaka 1909, na makanisa ya AICT (Africa Inland Church Tanzania) ya ukanda huu yana mizizi yake hapo. Anayepitia huko Jumapili asishangae kuona mwalo umenyamaza.

Kalenda ya mvua ina uzito kuliko kalenda ya likizo. Kuanzia Juni hadi Septemba anga huwa kavu, na mpangilio wa upepo uliotajwa hapo juu hushikika. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, mawingu hujijenga mchana juu ya nyanda za Serengeti, na jioni huweza kushuka kuelekea ghubani yakiwa na radi na upepo mkali wa ghafla. Dalili ya kuaminika ni hewa ya baridi inayokuja kutoka mashariki saa ambazo upepo ulipaswa kuwa wa magharibi. Ikihisiwa hiyo, tanga lishushwe lote kabla ya mvua kuonekana. Kulipunguza nusu hakutoshi. Mlingoti katikati ya maji matupu ndicho kitu kirefu kuliko vyote vilivyo jirani, na ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi mno. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kwa watumiaji wa ziwa, na unapatikana kwa simu na redioni. Usomwe jioni kabla ya safari na usomwe tena alfajiri.

Kuhusu usalama wa chombo, sheria ni nyepesi kuliko akili ya kawaida inavyodai, lakini ifuatwe. Vyombo vidogo husajiliwa na kukaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, na cheti kisibaki nyumbani. Kila aliyemo awe na jaketi okozi, tena amelivaa. Jaketi lililofungiwa chini ya mizigo halimwokoi mtu. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa, na kuzidisha watu na mizigo kulitajwa miongoni mwa sababu. Ghuba ya Speke iko jirani, kusini ya visiwa vya Ukara na Ukerewe. Anayechukua abiria wa hisani njiani, maana wataomba, ajifunze kukataa kwa upole.

Chombo kinapokaribia upande wa Busega, macho yaelekezwe majini kuliko milimani. Nyavu za sangara na migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoana nyingi, hutegwa jioni na kuteguliwa asubuhi, na maboya yake mara nyingi ni madumu na chupa za plastiki zisizoonekana dhidi ya jua. Kugonga wavu si ajali ndogo: wavu ni mtaji wa mtu, na mgeni anayeukata na kwenda zake ameuharibu ukarimu wa mwalo mzima kabla hajashuka. Ikitokea, asimame, amtafute mwenye wavu, alipe. Vizimba vya kufugia sato vimeongezeka ziwani miaka ya karibuni kwa mikopo ya serikali. Huwekwa kwenye maji yaliyokingika, palepale ambapo nahodha angependa kutia nanga. Kizimba kipitwe mbali, na kamwe chombo kisifungwe kwenye kamba zake.

Mwezi nao una la kusema. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, zamani kwa karabai na siku hizi zaidi kwa taa za sola. Usiku wa giza ghuba hujaa taa hizo, na mapambazuko mitumbwi hurudi yote kwa pamoja, mwalo ukageuka soko la kelele kwa saa mbili tatu. Wakati wa mbalamwezi dagaa hawavuliki vizuri, mitumbwi hupumzishwa mchangani, na nafasi ya kuvuta chombo cha mgeni hupungua. Hata hivyo mbalamwezi ndiyo majira ya mafundi: wanashona nyavu, wanatengeneza mashine, wanaziba nyufa. Mwenye chombo kinachovuja aje siku hizo. Mwenye kutaka kuona mwalo ukifanya kazi aje wakati wa giza, lakini asishuke kabla ya msongamano wa asubuhi kupungua.

Kina cha maji kisisomwe kwenye ramani za zamani. Kina cha wastani cha ziwa zima ni mita 40 hivi, ila kichwa cha ghuba hakina kina kirefu na ni cha matope, na mistari ya ufukwe imebadilika. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita rekodi ya mwaka 1964, yakapanda tena mwaka 2024. Miti, kuta na misingi iliyokuwa nchi kavu kwenye picha za zamani za setilaiti huenda sasa iko chini ya maji. Mtu mmoja akae gubeti na ufito mrefu, apime kina kwa mkono, na chombo kiingie polepole kikifuata njia ya mitumbwi ya wenyeji. Magugu maji nayo husukumwa na upepo wa magharibi hadi kwenye kona hii. Kundi lililokuwa mbali jioni laweza kuuzingira usukani asubuhi.

Kutia nanga nje ya mwalo ni bora kuliko kupanda mchangani, ila nanga ya vidole vinne inayotumiwa na wavuvi wengi hukokota kwenye tope laini. Kamba iwe ndefu, mara tano hadi saba ya kina, na gubeti lielekee magharibi, ambako wimbi la alasiri litatokea. Anayelazimika kupanda mchangani avute chombo juu kabla ya mchana. Vijana wa kusukuma hawakosekani. Bei ipatanwe kwanza, kwa kichwa au kwa kazi nzima, tena mbele ya mtu mzima anayeheshimika. Bei isiyopatanwa huongezeka kadiri mashua inavyopanda.

Sasa kuhusu watu. Mwalo una wenyewe. Kuna kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi kinachojulikana kwa kifupi cha BMU, chenye mwenyekiti na katibu. Kuna afisa uvuvi. Kuna matajiri, yaani wenye mitumbwi na nyavu, na kuna wavuvi wanaowafanyia kazi. Kuna wanawake wanaonunua, kuanika na kusafirisha dagaa, ambao kwa kweli wanaujua mwalo kuliko wote. Mgeni akishuka asianze na bei ya samaki wala asianze na kamera. Aulize aliko mwenyekiti wa BMU, aende kwake, aseme anatoka wapi, chombo kina watu wangapi, kitakaa siku ngapi na kinaelekea wapi. Barua ya utambulisho ikiwepo ni vizuri zaidi. Baada ya hapo jina lake linatembea mbele yake, na anayemkuta saa moja baadaye tayari anajua yeye ni nani.

Hadhari hii si ubaguzi wa wageni. Ziwa lina wezi wa mashine na nyavu, na watu wasiojulikana wanaokuja kwa maji hutazamwa kwa jicho hilo. Tena, Operesheni Sangara ya mwaka 2018, iliyoendeshwa dhidi ya uvuvi haramu na ambamo nyavu nyingi ziliteketezwa, iliacha kumbukumbu isiyofutika upesi katika mialo ya kanda nzima. Mtu anayepiga picha nyavu zilizoanikwa anaweza kudhaniwa amekuja kuandika ripoti. Picha ziombwe, na anayekataa aachwe.

Usukuma salamu haiharakishwi. Asubuhi ni mwangaluka na baada ya mchana ni mwadila, na Kiswahili cha shikamoo kinatosha kwa asiyejua Kisukuma. Mwanamume mzima ni baba, mama mzima ni mayu. Kumwita mtu wa makamo kwa jina lake tupu kunasikika vibaya. Anayepewa kitu akisema wabeja ataona nyuso zinakunjuka. Akikaribishwa chakula, akatae kwa sababu inayoeleweka au aketi ale. Kusema ameshiba huku anatazama sufuria hakumfai mtu. Kitakacholetwa aghalabu ni ugali na sato au dagaa, pengine mlenda, na msimu wa kiangazi viazi vitamu vilivyokaushwa, michembe na matobolwa, ambavyo ni akiba nzuri ya chomboni kwa kuwa havihitaji barafu wala havichachi. Anayenunua sangara wa kubeba akumbuke kwamba aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi, na kosa hilo halimhusu mvuvi peke yake.

Mlinzi wa chombo apatikane kupitia mwenyekiti, asitafutwe kando. Malipo ya usiku mmoja yatajwe mapema na nusu ilipwe asubuhi. Mashine ing'olewe na kulazwa ndani ya nyumba au kwa mtu anayetambulika, pamoja na tangi la mafuta na betri. Tanga halina wezi wengi. Siku hizi matanga mengi ya mitumbwi hushonwa kwa viroba na maturubai. Kwa mkoa unaoongoza nchini kwa pamba hilo ni jambo la kuchekesha kidogo, lakini pamba haijakosa kazi mwaloni: nyuzi zake ndizo mafundi wanazoshindilia kati ya mbao ili kuziba nyufa, kisha wakapigilia ukanda wa bati juu yake.

Maji ya ziwa ni ya kutazamwa zaidi ya kuogwa. Kichocho kimeenea kando ya Ziwa Victoria, na vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji, hupenya ngozi ndani ya dakika chache na huwa wengi zaidi jua linapokuwa kali. Kuruka majini kusukuma chombo kunahesabika kuwa ni kuoga. Anayelazimika avae viatu, atoke haraka, ajifute kwa taulo kavu papo hapo, na baada ya wiki sita au zaidi apime, kisha ameze praziquantel akishauriwa hivyo. Maji ya kuoga yaliyotekwa ziwani na kuachwa kwenye pipa kwa siku mbili bila konokono huwa yamepoteza hatari hiyo, ila hayajawa ya kunywa. Lamadi ina mradi wa maji ya bomba. Madumu yajazwe hapo, na maji ya kunywa bado yachemshwe. Malaria haina msimu wa kupumzika karibu na maji. Chandarua kiwepo chomboni, na homa isisubiri kesho. Hospitali ya Mkula, iliyo chini ya AICT, iko wilayani humohumo, na hospitali kubwa ya mkoa iko Bariadi.

Mamba na viboko hawahitaji maelezo marefu: asiingie mtu kwenye matete, asifue wala kuteka maji penye kimya, na chombo kisilale penye njia ya kiboko, ambayo hujulikana kwa nyasi zilizolazwa na udongo uliochimbika. Mdomo wa Mto Mbalageti, kaskazini ya Lamadi, uachwe kabisa. Vilevile eneo la Nyatwali, upande wa Bunda, si la kushukia kwa matembezi: serikali iliamua kuwahamisha wakazi wake ili wanyama wa Serengeti wapate njia ya kufika ziwani. Mwenye kupiga hema ufukweni ajue pia kwamba tembo hutoka hifadhini usiku na kuingia mashambani katika vijiji vya Busega na Bariadi. Nyumba ya kulala wageni mjini ni nafuu kuliko usiku wa namna hiyo, na zipo za kila kiwango.

Lamadi yenyewe ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma na Sirari inapita hapo, na barabara ya Bariadi inaanzia hapo. Kwa sababu hiyo mji haulali mapema, mabasi yanapita mchana kutwa, mafuta yanapatikana, mawakala wa fedha za simu wako kila kona, na mgonjwa au mhudumu wa chombo aliyechoka anaweza kurudishwa Mwanza siku hiyohiyo. Kwa msafiri wa maji hii ni faida kubwa kuliko mandhari: kituo kinachomruhusu mtu kuacha safari bila aibu ni kituo salama. Wanaotoka Kenya au Uganda kwa maji wamalize mambo ya uhamiaji na forodha Musoma au Mwanza kwanza, kwa kuwa mwalo si bandari ya kuingilia nchini.

Serengeti iko jirani. Lango la Ndabaka liko kando ya barabara kuu kaskazini ya mji, na hapo ndipo ukanda wa magharibi wa hifadhi unapoanza. Hakuna kuingia kwa maji, na ndani ya hifadhi hakuna kutembea kwa miguu bila kibali, hivyo gari likodiwe. Siku moja inatosha kuona ukanda wa jirani na lango; haitoshi kufika Seronera na kurudi kwa utulivu.

Safari ya Bariadi ina maana zaidi kwa anayetaka kuujua mkoa. Ni kilomita 72 hivi za lami, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari ndogo za abiria, michomoko kama zinavyoitwa, au kwa basi. Njia inapanda kutoka kwenye ufukwe, inapita Dutwa na kuingia kwenye mashamba. Pamba hupandwa Novemba na Desemba na huvunwa kuanzia Mei. Anayesafiri katikati ya mwaka huona marobota na malori, na pembeni ya barabara nyuzi nyeupe zilizodondoka. Viwanja vya Nyakabindi, vilivyobeba maonesho ya kitaifa ya Nanenane mwaka 2018, 2019 na 2020, viko huku. Bariadi ndiyo makao makuu ya mkoa: benki, hospitali, ofisi za serikali, maduka ya vifaa vya ujenzi yenye misumari, rangi, kamba na maturubai ambavyo Lamadi havipatikani kwa aina nyingi. Orodha ya vipuri iandikwe kabla ya kuondoka mwaloni, kwa kuwa safari ya pili kwa ajili ya skrubu moja inakula siku. Kwenda na kurudi kufanyike ndani ya mchana mmoja, au mtu alale Bariadi akiwa na uhakika wa mlinzi wake. Chombo kisiachwe na watoto wa mwalo kwa ahadi ya soda.

Siku ya kuondoka inapangwa kinyume na siku ya kuja. Upepo wa nchi kavu sasa unavuma kisogoni, na maji yatakuwa laini kwa saa nne au tano; ndizo saa pekee za kwenda magharibi bila kubisha. Chombo kiwe kimepakiwa jioni, mlinzi amelipwa, mwenyekiti ameagwa na kuambiwa kinakoelekea na saa kinapotarajiwa kufika. Namba ya simu ya mwenyekiti iandikwe kwenye karatasi pamoja na 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji, maana simu ikilowa majina yote yaliyomo hupotea nayo. Kuondoka kuwe mapambazuko, taa za dagaa zikiwa zimeanza kurudi ili nyavu zionekane, na chombo kikae karibu na ufukwe wa kusini, si katikati ya ghuba. Kituo cha kwanza kiwe kile ambacho kinaweza kufikiwa kabla ya saa tano, hata kama upepo unaonekana kuwa na hamu ya kuendelea. Ukigeuka mapema ukawa wa magharibi, nahodha asishindane nao kwa mashine mpaka mafuta yaishe: aingie mwalo wa karibu, aamkie, atoe taarifa Lamadi kwamba amelala njiani, na asubiri alfajiri nyingine.